Gari la Parokia Linapozima Njiani: Tufuate Mafuta Kabla ya Kumlaumu Mtu



Anayeishi Jimbo la Mpanda anajua maana ya gari kuzima mahali pasipo na nyumba wala mtandao wa simu. Kutoka Mpanda mjini hadi Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, ni zaidi ya kilomita 100. Kwenda Inyonga au Mishamo nako ni safari ya kujiandaa. Gari la parokia likizima huko, si paroko peke yake anayechelewa. Waamini wa kigango waliosubiri Misa wanarudi nyumbani baada ya ibada ya Neno, mgonjwa aliyeomba Mpako Mtakatifu anaendelea kusubiri, na mama mjamzito aliyepewa nafasi ya kwenda hospitali anaketi chini ya mti akitazama boneti iliyofunguliwa.

Kanisa limelijua jambo hili kwa muda mrefu. Wamisionari wa Afrika walipoipokea ngome ya Karema kutoka kwa Wabelgiji mwaka 1885, vyombo vyao vilikuwa miguu na mitumbwi. Mwaka 1927 Padre Paul Schulte, Mjerumani wa Shirika la Waoblati wa Maria Imakulata, alianzisha MIVA, chama cha kuwapatia wamisionari vyombo vya usafiri. Alifanya hivyo baada ya rafiki yake, Padre Otto Fuhrmann, kufariki misioni katika nchi ambayo leo ni Namibia, akiwa mbali na matibabu na bila usafiri wa kumfikisha haraka. Gari la misioni lilianza kuhesabiwa kuwa sehemu ya kazi ya kuokoa maisha. Basi na kulitunza ni sehemu ya kazi hiyo.

Katika makala haya tunataka kueleza namna ya kutafuta tatizo la mafuta katika magari ya zamani ya petroli yenye kabureta. Sisi tunasoma falsafa na si mafundi, lakini jambo hili limetugusa kwa sababu makosa mengi yanayofanyika kwenye gari bovu si ya spana. Ni makosa ya kufikiri.

Magari tunayoyasema

Siku hizi magari mengi ya kazi katika Mkoa wa Katavi ni ya dizeli, na ya petroli yaliyo mapya yana mfumo wa kielektroniki wa kupuliza mafuta. Hata hivyo yapo ya zamani yanayoendelea kutumika: Land Rover Series III, iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985, Toyota Land Cruiser FJ40, iliyotengenezwa kati ya 1960 na 1984, na Suzuki ndogo za miaka ya themanini. Uzuri wa magari haya ni kwamba karibu kila kitu kinaonekana kwa macho. Hakuna kompyuta ya kuficha siri. Anayejua kuuliza swali sahihi atajibiwa na gari lenyewe.

Safari ya petroli

Kabla ya kutafuta tatizo, tuijue njia. Petroli inakaa ndani ya tangi. Inapotoka inapita kwenye wavu mdogo au chujio, kisha kwenye bomba refu la chuma lililofungwa chini ya fremu, likiunganishwa na vipande vya mpira. Inafika kwenye pampu ya mafuta iliyo ubavuni mwa injini. Pampu hii ina ngozi nyembamba ya mpira inayosukumwa juu na chini na injini inapozunguka: ikishuka inavuta petroli kutoka tangini, ikipanda inaisukuma kwenda kwenye kabureta. Nguvu yake ni ndogo, psi chache tu, wakati tairi la gari hilo hilo linajazwa upepo wa psi 30 au zaidi. Ndiyo maana uchafu kidogo au mpira uliopasuka unatosha kuishinda.

Ndani ya kabureta petroli inaingia kwenye bakuli dogo. Humo mna boya, na juu ya boya kuna sindano inayoziba tundu la kuingilia, kama ilivyo kwenye tangi la maji la choo: bakuli likijaa boya linapanda na sindano inafunga, likipungua sindano inafungua. Kutoka kwenye bakuli petroli hupita kwenye matundu madogo sana yanayoitwa jeti, kisha huvutwa na hewa inayokimbia kuingia kwenye injini.

Kuna kitu kimoja ambacho wengi hukisahau: hewa inapaswa kuingia tangini. Kila lita ya petroli inayotoka lazima nafasi yake ichukuliwe na hewa. Anayetoboa kopo la maziwa anajua kuwa tundu moja halitoshi, lazima atoboe na la pili. Katika magari mengine hewa huingia kupitia mfuniko wa tangi, na katika mengine kupitia mpira maalumu. Jambo hili tulikumbuke, maana tutalirudia.

Kwanza usalama

Petroli haiungui kama kuni. Unaoshika moto ni mvuke wake, nao ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini hadi kwenye sigara au jiko la jirani. Fanyeni kazi nje, si ndani ya banda. Kizimamoto au ndoo ya mchanga mkavu iwe karibu. Simu na tochi za kushikashika ziwekwe mbali na petroli iliyo wazi. Injini iachwe ipoe, isipokuwa kipimo chenyewe kinataka injini ya moto. Msivute petroli kwa mdomo: ikiingia kwenye mapafu inaweza kuua. Wala msimimine petroli kwenye koo la kabureta wakati mtu anapiga stata, maana injini ikipiga chafya moto utarudi juu usoni kwa anayemimina. Tunaona desturi hizi mbili mara nyingi barabarani. Kwamba wengi wamezifanya wakapona si hoja ya kuzifanya.

Swali la kwanza: ni moto au ni mafuta?

Injini ya petroli inahitaji hewa, mafuta, mgandamizo, na cheche ya plagi kwa wakati wake. Gari likizima, watu wengi husema mara moja kuwa ni mafuta. Inawezekana ni cheche. Koili iliyochoka, kwa mfano, hufanya kazi asubuhi ikiwa baridi, ikipata joto inakata, ikipoa inarudi. Dalili hiyo inafanana kabisa na ya petroli iliyochemka ndani ya bomba. Kwa hiyo cheche ipimwe kwanza, mara tu gari linapozima na kabla halijapoa. Plagi moja ya akiba ifungwe kwenye waya wake, mwili wake uguswe kwenye chuma cha injini, mbali na kabureta, kisha mtu apige stata. Cheche ya bluu inayolia ni nzuri. Cheche nyekundu, hafifu au isiyokuwepo inatupeleka kwenye koili, platini na kondensa, na hapo kabureta haina kesi ya kujibu.

Kipimo hiki kinatangulia kwa sababu nyingine pia: cheche haitakiwi kabisa baada ya bomba la mafuta kufunguliwa.

Cheche ikiwa nzuri, toeni kifuniko cha chujio la hewa. Injini ikiwa imezimwa, mtu achungulie koo la kabureta huku mwingine akisukuma kwa mkono chuma kinachovutwa na pedeli ya mafuta. Petroli iruke ndani kama mkojo mwembamba wa mtoto. Ikiruka, bakuli lina mafuta. Isiporuka, ama bakuli ni tupu ama pampu ndogo ya ndani ya kabureta imekufa. Land Cruiser nyingi za zamani zina kioo kidogo mbele ya kabureta: usawa wa petroli unapaswa kuonekana katikati yake. Kwa kioo hicho jibu linapatikana bila kufungua hata skrubu moja.

Kata njia katikati

Hapa ndipo fedha nyingi za parokia hupotea. Fundi mwenye haraka huanza kubadilisha vitu kimoja baada ya kingine: chujio, pampu, mwishowe kabureta nzima. Njia nafuu zaidi ni kuikata safari ya petroli katikati na kuuliza: tatizo liko kabla ya hapa au baada ya hapa?

Katikati ni mahali mpira unapoingia kwenye kabureta. Injini ikiwa imepoa, ondoeni waya mdogo wa koili ili cheche isitoke. Chomoeni mpira ule, mwisho wake uingie ndani ya chombo safi kinachovumilia petroli, mtu wa pili akishike mbali na sehemu za moto. Pigeni stata kwa sekunde 10 hivi. Petroli itoke kwa mapigo yenye nguvu, moja baada ya jingine, bila mapovu.

Ikitoka vizuri, tangi, bomba na pampu vimeachiwa huru, angalau kwa saa hiyo. Tatizo liko mbele: wavu mdogo wa kuingilia kwenye kabureta, sindano iliyonasa, boya au jeti. Ikitoka kidogo, kwa mapovu, au isitoke kabisa, kabureta imeachiwa huru na tatizo liko nyuma.

Likiwa nyuma, kateni tena katikati. Chomoeni mpira unaotoka tangini pale unapoingia kwenye pampu, na badala yake wekeni mpira mfupi unaonyonya kutoka kwenye dumu dogo la petroli safi lililowekwa chini. Rudieni kipimo. Pampu ikivuta vizuri kutoka kwenye dumu, yenyewe ni nzima, na lawama inakwenda kwenye bomba, chujio au tangi. Isipovuta, pampu ndiyo yenye kesi. Pampu nyingi za Land Rover za aina hii zina kikombe cha kioo cha kukusanyia uchafu na mkono mdogo wa kupampu kwa kidole, kwa hiyo hata stata haihitajiki.

Mafuta yaliyotoka yamiminwe kwenye chupa ya kioo na kuachwa yatulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini na mstari utaonekana. Kutu itaonekana kama unga mwekundu. Chupa hii moja husema mengi kuhusu hali ya tangi.

Lakini kuna mtego. Mpira uliochanika kati ya tangi na pampu mara nyingi haumwagi petroli nje, kwa sababu upande huo pampu inavuta, haisukumi. Unachofanya ni kuingiza hewa ndani. Mtu atachungulia chini ya gari, ataona pakavu, atasema mpira ni mzima. Dalili yake ni mapovu kwenye chombo. Mipira ya zamani iliyokaushwa na jua ikaguliwe kwa kuikunja, si kwa kuitazama tu.

Dalili na maana zake

Kila dalili huelekeza mahali, ingawa haihukumu peke yake. Tunaziorodhesha zile zinazotokea zaidi.

Gari linawaka vizuri na kukaa silensa, lakini kwenye mlima linakosa nguvu na kukohoa. Injini inataka petroli nyingi na haipati. Angalieni chujio lililojaa, wavu wa tangini, pampu dhaifu, au jeti kuu iliyozibwa.

Gari linakimbia vizuri ukikanyaga mafuta, lakini ukiachia pedeli linazima. Mara nyingi jeti ndogo ya silensa imeziba, au kuna mahali injini inanyonya hewa chini ya kabureta kupitia gesketi iliyokufa. Kabureta nyingine zina vali ndogo ya umeme kwa ajili ya njia hiyo. Waya wake ukikatika matokeo ni yale yale, na dawa yake ni kuunga waya tu.

Gari linasita kwa nukta moja ukikanyaga ghafla, kisha linaenda. Pampu ndogo ya ndani ya kabureta imechoka.

Moshi mweusi, harufu kali ya petroli, plagi nyeusi zenye masizi. Hapa petroli inazidi. Sindano imenasa ikiwa wazi, boya limetoboka na kuzama, choki haijafunguka, au chujio la hewa limejaa vumbi. Msimu wa kiangazi barabara zetu za udongo hulijaza kwa siku chache.

Gari linazima mchana wa jua kali, hasa baada ya kusimama kidogo na injini ya moto. Petroli huanza kutoa mvuke kwa joto dogo kuliko maji, na pampu iliyotengenezwa kusukuma kimiminika haiwezi kusukuma mvuke. Fungueni boneti, wekeni kitambaa cha maji kwenye pampu na bomba, subirini. Kama cheche ilikuwepo wakati gari linazima, na kitambaa kikasaidia, jibu limepatikana. Bomba lisogezwe mbali na ekzosi.

Mafuta ya injini yananuka petroli na kiwango chake kwenye kijiti kinapanda. Gari lisiendeshwe tena. Ngozi ya pampu imetoboka na petroli inashuka ndani ya injini. Inaharibu vyuma na inaweza kuleta moto.

Gari linakwenda kilomita kadhaa, linazima, linapumzika, linawaka tena, na mchezo unarudiwa. Dalili hii ndiyo inayodanganya wengi, na tunaomba tuieleze kwa kisa.

Kisa cha tangi lililojaa

Wakati wa likizo tulikutana na Land Cruiser ya petroli ya parokia moja iliyokuwa na ugonjwa wa aina hiyo. Dereva alikuwa na utaratibu: anajaza tangi Mpanda mjini, anaondoka kwenda vigangoni. Baada ya kilomita kumi na kitu gari linazima. Wakingoja nusu saa linawaka, linakwenda kidogo, linazima tena. Lakini siku ya kurudi, tangi likiwa nusu au chini ya nusu, gari lilikuja vizuri kabisa.

Kwa ushahidi huo dereva alihitimisha kuwa kituo kile kinauza mafuta yaliyochakachuliwa. Alisema hivyo sokoni, na alisema hivyo kwenye jumuiya. Akahamia kituo kingine, ikawa vile vile, naye akasema basi wote ni wale wale. Plagi, platini na koili zilibadilishwa. Mwishowe halmashauri ya walei ikapendekeza kila jumuiya ndogo ndogo ichangie kununua kabureta. Katika jumuiya hizo wapo wajane ambao mchango wao ni debe la mahindi.

Hoja ya dereva haikuwa ya kijinga. Mafuta yaliyochakachuliwa ni jambo la kweli nchini mwetu, na ndiyo maana mwaka 2010 EWURA ilianzisha utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta. Tena vijijini petroli huuzwa kwenye chupa na madumu, ambamo maji na vumbi huingia kwa urahisi. Lakini darasani tunafundishwa kosa ambalo Walatini waliliita post hoc ergo propter hoc: kitu kimetokea baada ya kingine, basi kimesababishwa na hicho. Jogoo huwika kabla ya mapambazuko, wala si yeye anayelipandisha jua.

Fundi mmoja mzee, aliyeitwa kutoa ushauri kuhusu kabureta ya kununua, aliuliza swali moja tu: mafuta yale yale yaliyokuwa mabaya wakati wa kwenda yamekuwaje mazuri wakati wa kurudi? Petroli yenye mafuta ya taa haitubu njiani. Ingesumbua hadi tone la mwisho. Kilichobadilika kati ya kwenda na kurudi ni kiasi cha petroli tangini. Kisha akauliza mfuniko wa tangi ulitoka wapi. Ule wa zamani ulikuwa umepotea, na huu ulitolewa kwenye gari la aina nyingine, ambalo tangi lake hupumua kwa mpira. Mfuniko haukuwa na tundu la hewa.

Tufanye hesabu. Chukua tangi la lita 80 lililojazwa hadi ikabaki nafasi ya lita 4 za hewa. Injini ikinywa lita 1 na hewa mpya isiingie, zile lita 4 zinatanuka kujaza nafasi ya lita 5, na shinikizo lake linashuka kwa moja ya tano. Ni kanuni ya Robert Boyle tuliyoisoma sekondari. Mvuke wa petroli hupunguza upungufu huo kidogo, lakini ikinywewa lita ya pili na ya tatu, pampu yetu dhaifu inakuwa inavutana na tangi lisilotaka kuachia. Lakini tangi likiwa nusu, juu yake mna lita 40 za hewa. Lita 1 ikitoka, lita 40 zinakuwa 41, na pampu haihisi kitu. Kwa hiyo gari lenye mfuniko usiopumua huumwa likiwa limeshiba na hupona likiwa na njaa. Kungoja nusu saa kulisaidia kwa sababu hewa hupenya polepole kwenye viungo visivyobana sana.

Hesabu hiyo bado ilikuwa dhana. Fundi alitaka ushahidi. Tangi lilijazwa, gari likaendeshwa kwenye barabara tambarare hadi likazima. Mfuniko ulipofunguliwa, hewa iliingia kwa mlio mrefu, na gari likawaka. Sisi tuliona imekwisha, yeye akasema bado, maana pengine lingewaka tu kwa kupumzika. Kesho yake tangi lilijazwa tena, barabara ile ile, saa ile ile, mfuniko ukiwa umelegezwa kidogo: gari lilipita mahali pa kuzimia bila shida. Likajazwa tena, mfuniko ukakazwa: likazima. Ukalegezwa: likaenda.

John Stuart Mill, mwanafalsafa Mwingereza, aliieleza njia hii katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843. Kama hali mbili zinafanana katika kila kitu isipokuwa kimoja, na tukio likatokea katika moja na lisitokee katika nyingine, basi kile kimoja ndicho sababu, au ni sehemu ya sababu. Mzee yule hajasoma Mill. Alijua tu kwamba ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja na gari likapona, hutajua kamwe ni kipi kilichoponya.

Mfuniko unaofaa ulipatikana kwa sehemu ndogo sana ya bei ya kabureta. Mchango wa jumuiya ulisitishwa. Na dereva, kwa hiari yake, alikwenda kwa muuzaji wa kituo cha kwanza, akamwambia mbele ya wafanyakazi wake kwamba mafuta yake hayakuwa na kosa. Tunaamini hiyo ndiyo iliyokuwa sehemu ngumu zaidi ya matengenezo. Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo, na uongo hausemwi na waongo tu. Husemwa pia na mtu mwema aliyehukumu kabla ya kupima.

Mfuniko sio peke yake unaoweza kuziba pumzi ya tangi. Katika magari yanayopumua kwa mpira, nyigu wajengao kwa udongo hupenda matundu madogo kama hayo, hasa gari likikaa wiki kadhaa bila kutembea. Puliza kwa pampu ya baiskeli uhakikishe njia iko wazi.

Mambo machache kwa parokia zetu

Kwanza, kuwe na daftari ndani ya gari. Likizima, dereva aandike: kilomita ngapi tangu kuwaka, kiasi cha mafuta tangini, hali ya hewa, mlima au tambarare, na kilicholifanya liwake tena. Mistari mitano ya namna hiyo ina thamani kuliko maneno ya siku nzima gereji.

Pili, spea zinazostahili kubebwa ni za bei ndogo: chujio la mafuta, mita moja ya mpira unaofaa petroli, klipu nne, plagi moja ya kupimia, na ngozi ya pampu ikiwa inapatikana. Na chupa ya kioo.

Tatu, petroli ya kwenye madumu ipitishwe kwenye kitambaa safi kisichotoa nyuzi, na chombo kiachwe kitulie kwanza, kisha sehemu ya chini isimiminwe. Msimu wa mvua msiliache tangi karibu tupu kwa siku nyingi, kwani unyevu hugeuka maji ndani yake na maji huzaa kutu.

Nne, kabla ya halmashauri kupitisha fedha za kifaa kikubwa, fundi aulizwe kwa heshima: ni kipimo gani kilichoonyesha kuwa hiki ndicho kibovu? Fundi mzuri hatakasirika. Atafurahi kuonyesha. Akijibu kuwa magari ya namna hii kwa kawaida huwa hivyo, aombwe apime kwanza.

Wapendwa, gari bovu linatufundisha unyenyekevu wa namna fulani. Halijali cheo cha anayeliuliza wala wingi wa watu wanaokubaliana. Linajibu lililoulizwa tu, na tukiuliza vibaya linatuacha njiani. Anayekwenda Karema wiki hii, kabla ya kuondoka, atazame mfuniko wa tangi lake.